Kila Mtu na Mwanafunzi Wake

Watu walikuwa wakinisimamisha dukani. Si kwa ubaya, maana watu wa kule tulikohamia ni wa tabasamu, lakini ukiingia kununua unga siku ya Jumanne asubuhi, na nyuma yako kuna watoto sita wamejipanga kwa kimo, mtu lazima aulize. "Leo hakuna shule?" Nami nilikuwa nikijibu, "Ipo, ndiyo hii," kisha naendelea kutafuta unga wangu. Mume wangu alisema nina mdomo. Ninao kweli, na sikuona sababu ya kuuacha nyumbani ninapokwenda dukani.

Tuliishi ughaibuni, kaskazini ya Coon Rapids, kule maduka yanakoisha na mashamba yanakoanza, katika nyumba kuukuu ya mbao yenye ghala lililoinama upande mmoja. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyehamia kwa binti yake. Alitupangisha nyumba pamoja na kipande cha shamba kwa sharti moja, kwamba tusimchinje jogoo wake. Jogoo yule alikuwa na roho mbaya ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe mwingine mwenye mabawa, lakini ahadi ni ahadi, akazeeka mikononi mwetu. Mume wangu aliendesha gari kila siku mpaka Saint Louis Park, alikofanya kazi ya kompyuta katika ofisi yenye zulia, na jioni alivua viatu vya ofisi akavaa mabuti. Ilikuwa miaka ya 2010 ndiyo inaanza. Binti yetu, mtoto wa sita, tulipohamia nilikuwa nikimbeba mgongoni bado.

Kabla ya hapo tulikaa ghorofani Brooklyn Park, na kifungua mimba wetu alikuwa akisoma shule ya pale kama watoto wote. Sina la kuisema vibaya shule ile. Ila mwanangu aliondoka nyumbani asubuhi akiwa mzungumzaji, akarudi jioni bubu. Nikimuuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, tena kwa neno moja, akiangalia dirishani. Nami huko nyuma nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Iringa, na mikono ilikuwa inaniwasha kwa kukosa chaki. Nikamwambia mume wangu kwamba watoto hawa nitawafundisha mwenyewe. Akasema, "Haya, Mwalimu Mkuu," na tangu siku hiyo jina likanikaa.

Basi mtu asifikiri nilikuwa na elimu ya ajabu. Nilikuwa na ujuzi mmoja tu nilioutoa nyumbani. Darasa langu la Iringa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na kitabu kimoja kilisomwa na benchi zima. Ukiwa na darasa la namna hiyo huchukui muda kuelewa kwamba mwalimu mmoja hatoshi. Kwa hiyo aliyejua alimfundisha asiyejua, nami nikapita katikati kusikiliza. Nilipojikuta na watoto sita na meza moja ya jikoni, nikafanya vilevile. Mimi nilimfundisha kifungua mimba. Kifungua mimba akamfundisha wa pili, wa pili akamfundisha wa tatu, hivyo hivyo mpaka chini. Kila mtu alikuwa na mwanafunzi wake, naye ni yule aliyemfuata kuzaliwa. Hesabu kubwa na sayansi nilishika mwenyewe, na mtihani wa kila mwaka ambao sheria ya jimbo inautaka waliufanya wote bila kunitia aibu. Lakini kusoma, kuandika, kufunga kamba za viatu na kuokota mayai bila kudonolewa, hayo yalikuwa mikononi mwa mwalimu wako, na usipojua ulimwaibisha yeye kwanza.

Tulikuwa na sheria nyingine, kwamba mpaka chai ya saa nne kila mtu anasema Kiswahili. Baada ya chai, waseme watakacho. Wanangu wakagundua njia ya kukwepa, ambayo ni kutosema lolote mpaka chai. Wa tatu alipitisha asubuhi nzima akiongea kwa mikono na nyusi, akaomba uji, akaomba chumvi, akalalamika kwamba kapigwa teke chini ya meza, yote bila kufungua kinywa. Ilibidi nigeuke upande wa jiko ili asinione nacheka.

Wenzangu wa Brooklyn Park, tuliokuwa tukisali nao Jumapili ibada ya Kiswahili, walinionea huruma na kunicheka kwa pamoja. Mmoja wao, Mkongomani aliyenizidi umri, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na wanangu walimwita mama mkubwa. Yeye alikuwa amepita kambi za wakimbizi na watoto wake, na shule ya bure kwake ilikuwa jambo la kupigia magoti. "Unajichokesha bure, mama," aliniambia. "École iko pale, bisi inapita mbele ya mulango, na chakula banapatia batoto. Weye unatafuta nini?" Nikamjibu kwamba nikiwapeleka wote nitabaki na jogoo. Akacheka mpaka akashika mbavu, lakini Jumapili iliyofuata akauliza tena.

Mwaka wetu wa masomo haukuisha mwezi wa Juni kama wa shule za kule. Uliisha tulipomaliza kuchimba viazi, kabla ardhi haijaganda. Jumamosi moja tunachimba, na Jumamosi ya pili yake tunakaa mchana kula viazi vile vile, nayo ndiyo ilikuwa Siku ya Viazi. Siku hiyo, kabla ya kula, kila mwalimu alimleta mwanafunzi wake mbele ya jiko. Mwanafunzi anasimama mbele, mwalimu nyuma yake, mkono begani. Baba yao, akiwa kwenye kiti chake na sauti aliyoitoa sijui wapi, anauliza, "Mwalimu, mwanafunzi wako anajua nini?" Mwalimu anajibu, "Anajua," kisha anataja jambo moja tu. Baba anasema, "Haya, mwanafunzi, tuonyeshe." Mwanafunzi anaonyesha, tunapiga makofi ya shule, na mwanafunzi huyo sasa anakwenda nyuma na kumweka wa kwake mbele. Nilianza nami, mkono begani kwa kifungua mimba, ambaye mwishoni alikuwa amenipita kimo na ilibidi ainame.

Shida ya mpango huu ni mkia wake. Binti wa sita hakuwa na mtu. Alionyeshwa na kaka yake wa tano, akapigiwa makofi, kisha akabaki amesimama pale mbele ya jiko, mkono wake hauna bega la kushika. Mwaka mmoja alileta kuku chini ya kwapa. Baba yake akauliza bila kucheka, "Mwalimu, mwanafunzi wako anajua nini?" Akajibu, "Anajua kutulia." Kuku akatulia kweli, tukapiga makofi. Lakini kaka yake akasema kuku si mtu, na mtoto akaenda kulia ghalani. Ilimuuma sana, na aliyedhani ni mzaha alikuwa hamjui.

Kwa hiyo nilipowatangazia kwamba nina mimba, nami umri umekwenda nilidhani nimeshafunga duka, wakubwa walitazamana kwa soni. Wa sita hakumtazama mtu. Aliondoka mezani, akaenda kutafuta kiti. Alipata kigoda kidogo ghalani, akakisugua kwa sabuni, akakiweka kando ya dirisha, pale sakafuni panapotoka hewa ya moto. Majira yote ya baridi alikuja kunisemesha tumboni baada ya chai. Alianza na irabu. "A, e, i, o, u," alisema, akingoja kidogo baada ya kila moja, ili ampe nafasi ya kujibu.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Machi, msichana. Daktari alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, na daktari akikaa ujue ana neno. Akatueleza taratibu kwamba mtoto ana kromosomu moja ya ziada, ile hali waiitayo Down, kwamba atakuwa na maisha yake na furaha zake, lakini kujifunza kwake kutakuwa kugumu. Mume wangu alikuwa ameshika mguu wangu juu ya blanketi. Nililia, sioni haya kusema. Mtoto mwenyewe nilikuwa nimeshampenda, amelala kifuani pangu anakoroma kama mzee. Nilichokuwa nikililia ni kile kigoda kando ya dirisha.

Tuliwaambia wote mezani. Baba yao alichora kwenye mlango wa stoo, ambao tuliupaka rangi ya ubao, akaeleza vizuri kuliko daktari. "Atajifunza polepole," akasema. "Mengine huenda asijifunze kabisa." Binti wa sita akauliza, "Lakini ni mwanafunzi wangu?" Baba yake akasema, "Ni wako." Akasema, "Basi," akaendelea kula. Nilitamani kuwa na imani ya namna ile, hata robo yake.

Na kweli alianza. Kila siku baada ya chai alitandika mkeka pale dirishani, akamlaza mwanafunzi wake, akapiga magoti mbele yake. Mtaalamu wa wilaya wa watoto kama yeye alipoanza kuja nyumbani kutuonyesha mazoezi, wa sita alikaa karibu kuliko mimi, akauliza maswali ambayo mimi niliona haya kuyauliza. Alijifunza ishara za mikono, ya maziwa, ya bado, ya basi nimeshiba, akazifundisha nyumba nzima, na yule wa tatu wetu akafurahi kupita kiasi kwamba hatimaye kuongea kwa mikono kumeruhusiwa.

Siku ya Viazi ya kwanza alimbeba mbele ya jiko. "Anajua kushika kidole," alisema. Tukapita mmoja mmoja, kila mtu akatoa kidole kikashikwa. Mwaka wa pili, "Anajua kukaa." Akamkalisha sakafuni, akaondoa mikono, na mtoto akakaa, akiyumba, sisi tumeshika pumzi, mpaka akaangukia upande na kucheka. Mwaka wa tatu, "Anajua kutembea," naye akatembea kutoka kwenye jiko mpaka magotini kwa baba yake, akiwa amepitiliza kabisa umri ambao wenzake walitembea. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilimtazama yule binti mwenye magoti yaliyochubuka na mkeka, nikasema moyoni, huyu ni mwalimu kunishinda.

Lakini miaka inakwenda na watoto wanakua, na anayekua anaanza kulinganisha. Mwaka wa nne, binti wa sita alikuwa keshaingia kile kipindi msichana anaanza kujitazama kwenye kioo na kuona kasoro. Mwanafunzi wake alikuwa na maneno ya kuhesabika, mengine tukiyaelewa sisi tu. Kwa Siku ya Viazi ile alikuwa ameamua amfundishe kuchambua viazi, vikubwa ndoo nyekundu, vidogo ndoo nyeupe. Alianza kumfundisha tangu kiangazi, kwa mawe, kwa vitunguu, kwa soksi. Jumamosi ya kuchimba ilipofika, akamkalisha mwisho wa tuta na ndoo mbili.

Mama mkubwa alikuwa amekuja kutusaidia kuchimba. Anapenda udongo yule mama, akishika tu jembe anaanza kuimba. Alipochoka akaja kukaa juu ya gunia karibu na watoto, akawa anatazama. Mdogo akachukua kiazi kikubwa, akakitia nyekundu. Akachukua kidogo, akakitia nyekundu. Dada yake akakitoa, akamwonyesha nyeupe. Mdogo akacheka, akatia nyekundu tena. Wakarudia, na wakarudia, na sauti ya dada ikaanza kukauka. Mama mkubwa akamvuta mdogo magotini pake, akampangusa udongo shavuni, akamwambia dada mtu, ambaye kwa lugha ya kwao ni yaya, kwa upole wote alionao, "Yaya, acha kumuchosha. Huyu ni malaika. Huyu ni wa kupenda tu, hapana wa kufundisha."

Alisema kwa mapenzi. Nje ya nyumba yetu hakuna mtu aliyempenda mtoto yule kama yeye, na hilo ndilo lililolifanya neno liingie ndani. Wa sita aliweka chini kiazi alichokuwa amekishika. Alisimama, akaenda upande mwingine wa shamba, akaanza kuchimba mgongo ametupa. Nami, ambaye ulimi haujawahi kunikosa dukani, nilibaki na jembe langu.

Jumatatu baada ya chai binti wa sita hakutandika mkeka. Aliosha vyombo ambavyo haikuwa zamu yake kuviosha. Mdogo alikwenda mwenyewe pale dirishani, akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, akangoja. Alingoja sana. Kisha akaja kuvuta sketi ya dada yake, na dada yake akamwambia kwa Kiingereza akacheze. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano sikuweza kutazama upande wa dirisha.

Alhamisi nilimfuata dada mtu kwenye banda la kuku. Nilimuuliza kuna nini, ingawa nilijua. Alinijibu kwa Kiingereza, na chai ilikuwa bado, kwa hiyo nikajua mambo ni mazito na nikaacha sheria ipite.

"Kaka alinifundisha kusoma kwa msimu mmoja wa baridi," alisema. "Mimi nimemfundisha miaka yote hii, na hajui kiazi kikubwa na kidogo. Kwa hiyo ama mimi ni mwalimu mbaya, ama yeye si mwanafunzi. Lipi, Mama?"

Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo tunavyosema, si ndiyo, mtu akishikwa pabaya anakimbilia methali.

"Kibaba chenyewe kina tundu," akasema, safari hii kwa Kiswahili, akachukua mayai yake akaondoka. Nilibaki na jogoo, akinitazama kwa jicho lake moja.

Nilimweleza mume wangu. Akasema tumwache, mtoto halazimishwi kufundisha kama vile halazimishwi kupenda. Nikamwambia hiyo ni sawa, lakini je, mdogo? Kama hana mwalimu basi hayupo kwenye mstari. Atakaa mezani pamoja nasi, atalishwa vizuri, atabusiwa na kila mtu, na hatakuwa mwanafunzi wa yeyote. Na yule mwingine ataishi akijua kwamba alishindwa na mtu mmoja tu duniani, mdogo wake. Baba watoto alikaa akivua buti moja kwa muda mrefu.

Jumamosi ikafika. Mama mkubwa alikuja na sambusa, amevaa kitenge kipya. Tulipika viazi kwa nazi, maharage, na kuku wawili wasiokuwa jogoo. Nje kulikuwa na baridi kali na jua jeupe. Watoto walikuwa wamechana nywele. Nilianza mimi na kifungua mimba wangu, aliyekuwa sasa anaendesha gari kwenda chuo, nikasema anajua kupika wali usioungua, akafunua sufuria, tukaona ni kweli. Yeye akamleta wa pili, wa pili akamleta wa tatu, na mstari ukateremka kwa kelele na utani kama kawaida. Wa tano akamweka wa sita mbele, akasema anajua kugawa kwa sehemu, na wa sita akagawa chapati tatu kwa watu kumi bila kumdhulumu mtu. Tukapiga makofi.

Hapo ndipo alipotakiwa kwenda kumchukua wa kwake. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akaangalia sahani.

Mdogo alikuwa magotini kwa mama mkubwa. Chumba kizima kilijua na kila mtu alijifanya hajui. Baba yao akakohoa kidogo, kwa huruma, akasema, "Haya, tumshukuru Mungu, tule." Tukainamisha vichwa.

Nikasikia viatu sakafuni. Mdogo alikuwa ameteleza kutoka magotini, anazunguka meza akishikilia migongo ya viti. Akafika kwa dada yake, akamshika mkono, akavuta. "Hapana," dada yake akamwambia kwa sauti ya chini, "leo hatuonyeshi." Akavuta kwa uzito wake wote, na mtoto yule alikuwa mzito. Dada akainuka ili asimwangushe, akidhani anataka chooni. Lakini mdogo akampeleka mbele ya jiko.

Kwa mazoea dada akapita nyuma, akaweka mkono begani mwake. Mdogo akakataa. Akautoa ule mkono, akamsukuma dada yake kwa kiuno mpaka akasimama mbele, kisha yeye akazunguka akasimama nyuma. Bega hakulifikia, kwa hiyo akaweka kiganja mgongoni, pale kilipofika. Akachungulia upande mmoja, akamtazama baba yake, akangoja.

Ilimchukua mume wangu muda kuelewa, nasi sote. Alipoelewa akavua miwani, akaivaa tena, akakaa wima kwenye kiti chake.

"Mwalimu," akasema, "mwanafunzi wako anajua nini?"

Katika nyumba yetu tulikuwa tumejifunza kumngoja mdogo, hakuna aliyemsaidia neno. Akatoka nyuma ya dada yake ili aonekane vizuri, akajipiga kifuani kwa kiganja.

"Mimi," akasema.

Mama mkubwa aliziba mdomo kwa kitenge. Nilimwona machozi yanamtoka, na mimi mwenyewe sikuwa naona vizuri. Dada mtu alikuwa amesimama mikono imening'inia, uso umemvunjika, na nilitaka niende nikamshike, lakini mume wangu alinizuia kwa mkono. Shule ni shule, na mwalimu alikuwa ameshajibu.

"Haya, mwanafunzi," akasema kwa upole, "tuonyeshe."

Dada mtu akajipangusa pua kwa mkono wa sweta. Akaanza kwa sauti ambayo ilibidi tuiinamie. Akasema mdogo wake akitaka kuugua sikio la kushoto linapata moto kwanza, kabla ya kitu kingine. Akasema anaogopa mashine ya kufulia, lakini haogopi ngurumo, na ngurumo ikipiga yeye ndiye anayekuja kuwashika wenzake. Akasema akikataa kitu mara mbili maana yake hataki, lakini akikataa mara tatu maana yake anataka umbembeleze. Akasema anajua nyayo za kila mtu kwenye ngazi, ndiyo maana anaanza kucheka kabla Baba hajafungua mlango. Akasema hapendi kushikwa mkono wa kulia kwa sababu ndio anaofikiria nao. Akasema usiku akiota anasema maneno mengi, mengi kuliko mchana, na kwamba yeye hukaa kitandani anasikiliza. Mambo mengine mimi niliyemzaa nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Mdogo alisimama kando yake na kiganja mgongoni mwake, akiitikia kwa kichwa kila jambo. Aliendelea mpaka viazi vikapoa, na hakuna aliyemkatiza.